Kibofu cha Msuluhishi

Nilipostaafu, idara iliniletea fomu ya makabidhiano yenye mistari sita. Mitatu ya kwanza ilikuwa ya kuorodhesha samani. Nikaandika: kitanda cha mazoezi kimoja, kioo kirefu kimoja kilichopasuka pembeni, ngazi ya mbao moja yenye vidato vitatu isiyokwenda popote. Nikasaini. Mengine hayakuenea kwenye mistari mitatu iliyobaki, kwa hiyo nayaandika hapa, kwa ajili yenu vijana mnaobaki na kile kioo.

Vyeo nitaviruka, kama vyenyewe vilivyoniruka mimi.

Jina langu ni Mwanaidi, na mimi ni mtoto wa duka. Baba aliuza vitambaa Kayanga, mji mdogo huku magharibi kabisa, kama baba yake kabla yake, aliyetoka Pangani na mzigo wa kanga, akaoa huku, akasahau kurudi. Kiswahili nilikipata nyumbani. Kinyambo, lugha ya wenyeji wa huku, nilikipata kaunta, kwa sababu mwanamke anayechagua kanga hueleza ndoa yake yote, na haelezi kwa lugha ya kuazima. Nilipofika chuoni kusomea tiba ya viungo nilikuwa tayari najua kusikiliza mtu huku mikono yangu ikifanya jambo jingine. Chuo kiliongeza majina ya misuli.

Siku ya kwanza kazini nilimuuliza mlinzi wa hospitali chumba cha tiba ya viungo kiko wapi. Akanipeleka stoo. Nikamwambia nadhani hajanielewa. Akafungua mlango, akasogeza magongo na ndoo za chokaa, akasema, "Ni hapa hapa. Yule aliyekuwepo aliondoka."

"Alihamishwa?"

"Hapana. Aliumwa mgongo."

Aliyenifundisha kazi hakuwa wa idara yangu. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake, Bernadeta, mtu wa Kihanga, mwembamba, asiyecheka, ambaye alikuwa anakaribia kustaafu. Alinikuta siku moja nikimuuliza mama mmoja, kwa sauti ya darasani, "Unakojoa mara ngapi kwa siku?" Yule mama alitazama ukuta kana kwamba nimemvua nguo. Bernadeta akanivuta kando.

"Wewe binti, huyo hata mumewe hajawahi kumuuliza hivyo. Muulize kanisani anakaa benchi gani."

"Benchi linahusiana nini na mkojo?"

"Wenye shida hiyo hukaa karibu na mlango. Hawakai mbele hata ubatizo ukiwa wa mjukuu wao. Muulize pia mara ya mwisho kupanda basi la kwenda mbali ilikuwa lini. Akisema mabasi yanamtia kichefuchefu, andika."

Niliandika. Kwa miaka mingi nilitibu waliopooza upande mmoja, watoto waliochelewa kutembea, na vijana wa bodaboda ambao walirudi kwangu kwa mguu wa pili kabla wa kwanza haujapona. Lakini lile swali la benchi nililiuliza kila wiki. Nilishangaa ni watu wangapi katika wilaya yetu na ya jirani, Kyerwa, waliokuwa wanaishi karibu na mlango. Kitaalamu ugonjwa wao unaitwa kibofu kinachofanya kazi kupita kiasi. Katika utumishi wangu wote, hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kusikia kikilaumiwa kwa kosa hilo.

Tiba niliyokuwa nayo ilikuwa maneno na mazoezi: kaza misuli ya chini, legeza, kaza tena, usinywe chai usiku, ukibanwa usikimbie, simama, pumua, haja ipite kisha utembee. Wengine walipata nafuu. Wengine walinishukuru kwa heshima na hawakurudi.

Halafu, miaka yangu ya mwisho mwisho, ukaja mradi. Ulikuja na magari mawili: moja lilileta wageni, la pili lilileta fomu. Mashine zenyewe zilikuwa ndani ya begi la mkononi la mgeni mmoja, kumi na mbili, kila moja ndogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia. Mashine ina betri, nyaya mbili na pedi mbili za kunata. Pedi moja unaibandika nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Ya pili juu yake, upana wa kiganja hivi. Unawasha, unapandisha taratibu mpaka unasikia mchomo wa kutekenya unaoshuka kwenye unyayo. Wengi kidole gumba cha mguu hutingishika chenyewe. Hapo umeupata mshipa wenyewe. Nusu saa kila siku, nyumbani, kwa majuma kumi na mawili.

Kila mgonjwa aliniuliza swali lile lile: kibofu kiko huku, kwa nini unanishika mguu? Jibu langu lilikuwa kwamba mshipa wa fahamu unaopita pale kifundoni unapanda mpaka chini ya mgongo, na pale unakutana na mishipa inayokiamuru kibofu. Ukiutekenya huku chini kila siku kwa upole, kule juu kelele zinapungua. Mzee mmoja aliniambia hiyo anaielewa vizuri, kwa sababu yeye akitaka jambo kwa diwani huanzia kwa shemeji yake diwani.

Mgonjwa ninayetaka kuwasimulia ni Mzee Evarist. Alitoka kata moja ya Kyerwa ambayo sitaitaja, na alikuwa mwenyekiti wa baraza la usuluhishi la kata hiyo. Watu wakigombania mpaka wa shamba au kahawa, walianzia kwake. Kazi ya baraza haikuwa kuhukumu bali kupatanisha, na katika kupatanisha Mzee Evarist alikuwa na sifa iliyovuka wilaya. Mashauri ambayo kata nyingine yalikaa miezi, yeye aliyamaliza asubuhi moja. Alisikiliza kidogo, akauliza maswali mawili, halafu akasimama wima, akasema, "Basi, mmepatana," na mtendaji wa kata akaleta karatasi watu wakasaini. Ofisi zilipenda sana jambo hilo. Alipewa cheti. Kisha aliitwa Rubwera, makao ya wilaya yake, kwenye semina ya siku mbili kuwafundisha wenyeviti wenzake mbinu yake.

Hayo yote niliyajua kabla sijamwona. Alipokuja kwangu alikuwa na barua ya rufaa iliyosema anaumwa mgongo. Alikuwa mrefu, amevaa koti la suti la kahawia, kofia mkononi. Chumbani kwangu kulikuwa na viti vinne. Akakaa kile cha mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dokta. Mgongo huu, waitu, unanisumbua," akasema, akitumia lile neno la heshima la huku.

Nikamwambia alale kitandani nimpime. Akaomba kwanza atoke nje kidogo. Akarudi. Nikampima mgongo, ulikuwa mgongo mzuri kuliko wangu. Akaomba atoke tena. Aliporudi nikamuuliza kanisani anakaa benchi gani.

Alifunga kifungo cha koti. Kisha akasema, "Siku hizi nasali nyumbani."

"Basi la kwenda mbali?"

"Binti yangu yuko Mwanza. Ana mtoto wa miaka minne. Namjua kwa picha." Akaigeuza kofia yake mara mbili. "Dokta, una watoto? Unaweza kuwa binti yangu. Haya si ya kumwambia binti."

"Mzee, nina miaka hamsini na tisa. Niambie tu."

Akaniambia. Miaka sita sasa. Haja inakuja kama mtu anayegonga mlango na kuingia kabla hujaitikia. Nikampeleka kwanza kwa daktari, na ninyi fanyeni hivyo hivyo, msianze kubandika watu nyaya bila kujua kama kuna tezi dume, sukari au uambukizo. Vipimo vilitoka vizuri. Kumbe dawa alikwisha kupewa zamani, kwingine. Zilimkausha mdomo, akawa anakunywa maji zaidi, na mnajua maji yaliishia wapi.

Nilimjazia fomu ya mradi. Swali la kumi na moja liliuliza ubora wa maisha yake ni alama ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi.

"Maisha yote," akauliza, "au ya mkojo tu?"

Nikawauliza wageni wa mradi kwa simu. Wakasema watanijibu. Mpaka nastaafu hawajajibu.

Wiki ya kwanza nilikwenda nyumbani kwake kumwonyesha. Mkewe, Bibi Pelagia, alinikaribisha kwa sahani ya kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo huku kwetu mgeni hawezi kukaa bila kuwekewa. Mzee alizitafuna moja baada ya nyingine huku ananieleza jinsi asivyogusa chai wala kahawa kwa sababu nilivikataza.

"Na hizo, mzee?"

Akaitazama ile iliyokuwa kati ya vidole vyake. "Hizi si za kunywa."

Bibi Pelagia akaiondoa sahani bila neno. Ndiye niliyemkabidhi daftari, kwa sababu tiba hii ina daftari: unaandika umekunywa nini, umekwenda mara ngapi, umefika salama au hukufika. Aliandika kwa mwandiko wa Shule ya Jumapili, ukurasa kwa ukurasa, bila huruma. "Jumatatu. Kahawa za kificho, nane. Choo, mara nne kabla ya jua kupanda."

Kidole gumba cha Mzee Evarist kilipotingishika kwa mara ya kwanza, bibi alikitazama kwa muda mrefu. "Miaka arobaini namwambia atingishe kidole tu kunisaidia," akasema. "Kumbe ilitakiwa betri."

Wiki nne za kwanza hakuna kilichobadilika, na hapo ndipo wagonjwa wengi huacha. Yeye hakuacha kwa sababu bibi hakumruhusu. Wiki ya sita alilala usiku akaamka mara moja tu. Wiki ya nane alikwenda kanisani, akakaa katikati. Tiba hii haimponyi kila mtu. Kati ya wale kumi na wawili waliopewa mashine, wapo ambao haikuwasaidia hata kidogo, na mmoja alimpa mumewe mashine akaifunga kwenye bega. Kwa Mzee Evarist ilikubali.

Wiki ya kumi mtendaji wa kata yake alinipigia simu.

"Dokta, wewe ndiye unamtibu mwenyekiti wetu?"

"Habari za wagonjwa siwezi—"

"Sitaki habari zake. Nataka kujua itaisha lini. Mzee alikuwa anamaliza mashauri matano kwa siku. Ijumaa iliyopita amesikiliza moja, kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Anauliza, anaitikia, anamwambia mtu 'endelea, mama, nakusikia'. Nina taarifa ya robo mwaka ya kupeleka Rubwera, dokta. Nitaandika nini?"

Nikamwambia aandike kwamba mwenyekiti anasikiliza. Akasema hakuna safu ya hiyo.

Hapo ndipo nilipoelewa ile mbinu ya Rubwera, na nakiri nilicheka peke yangu chumbani mpaka nikashika ukuta. Wenyeviti wa wilaya nzima walikuwa wamekaa ukumbini siku mbili na kuandika kwenye madaftari kwamba msuluhishi hodari husimama ghafla. Wengine walikuwa wameanza kusimama.

Lakini Mzee Evarist hakucheka. Alikuja kliniki wiki ya kumi na moja, bila miadi, akakaa kiti cha mbali na mlango. Alikuwa ametoka msibani. Kwa miaka sita alikuwa haendi misiba ila kupeleka rambirambi na kuondoka. Safari hii alikaa siku nzima kwenye migomba pamoja na watu. Aliyekufa alikuwa mzee mmoja wa kijiji, mtu ambaye enzi zake aliitwa kila mtu alipogawa shamba, apande miramura, ile mimea ya mpakani ambayo huku haing'olewi bila sababu. Nusu ya mipaka ya kijiji ilipita mikononi mwake.

"Nimekaa pale," akanisimulia, "akaja Jovina, mjane. Akanisalimu, akakaa chini karibu yangu. Akasema, 'Mzee, huyu ndiye niliyekuja naye siku ile barazani. Alikaa nje kwenye benchi anangoja kuitwa.'"

Nilikuwa simjui Jovina, ikabidi anieleze. Mume wa Jovina alipofariki, shemeji yake, Anselm, alidai kwamba kipande cha kibanja, shamba lao la migomba, upande wa bondeni, chenye kahawa, kilikuwa chake tangu mwanzo. Miramura iliyokuwa mpakani ilikwisha kung'olewa. Shauri lilikuja kwa Mzee Evarist mwaka mmoja kabla hajaniona. Anselm alizungumza kwanza, na alizungumza sana. Jovina aliposimama aseme lake, alikuwa ameanza tu kusema ana shahidi.

"Nikasimama," alisema Mzee Evarist. "Sikuweza tena, dokta. Nikasema 'basi, mmepatana, mtagawana kama Anselm alivyosema'. Nikatoka. Niliporudi walikuwa wamesaini wote wawili. Nikajiambia, basi, kama amesaini ameridhika." Akaiweka kofia chini. "Huyo mzee alikuwa ametembea kutoka ng'ambo ya kilima kwa fimbo. Nilipita mbele yake kwenye benchi nikikimbilia chooni. Akanisalimu. Sikumwitikia."

Nilimpa maji, akayanywa, kisha tukatazamana, maana ni mimi niliyemkataza kunywa maji mengi kwa pupa.

Alikwenda kwa Anselm kumwomba warudi wakae upya. Anselm akamwonyesha karatasi. Imesainiwa, ina muhuri, na chini yake ina jina la Mzee Evarist. Ilibaki njia moja. Jovina alikuwa amepeleka malalamiko baraza la ardhi la wilaya, lakini hakuwa na kitu mkononi zaidi ya neno lake. Mzee Evarist aliamua kuandika barua kwamba ule haukuwa usuluhishi kwa sababu upande mmoja haukusikilizwa, na akaja kwangu niambatanishe cheti cha hospitali.

"Nitaandika 'sababu za kiafya'," nikamwambia. "Inatosha. Sheria haikulazimishi kutaja."

"Anselm atasema nilikuwa na malaria, na malaria haizibi masikio. Andika kibofu."

"Mzee, barua hizi husomwa kwa sauti. Kijiji chote kitakuwepo."

"Najua. Ndiyo maana sikulala." Kisha akaongeza, "Nililala, kusema kweli. Lakini niliwaza kabla ya kulala."

Bibi Pelagia, aliyekuwa amemsindikiza, alisema kutoka mlangoni, "Daftari nalo likitakiwa, ninalo."

Siku ya shauri nilipewa ruhusa, nikapanda pikipiki. Chumba kilijaa. Sijui nani aliwaambia watu, lakini hata waliokuwa hawana shauri walikuja. Karani alisoma barua kwa sauti ya kusoma matangazo ya mnada. Alipofika pale, alisimama, akaisogeza karatasi karibu na macho.

"'…nilisimama kabla ya mlalamikaji kumaliza, si kwa kuwa nilikuwa nimeelewa, bali kwa kuwa nilibanwa na mkojo, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifanya katika mashauri mengi…'"

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Nilimtazama Mzee Evarist. Alikaa na mikono magotini, akatazama mbele, akangoja. Anselm alicheka kuliko wote, halafu akaacha, nadhani kwa sababu aligundua karatasi yake imeshikiliwa na kitu gani.

Mwenyekiti wa baraza lile, mwanamke wa makamo mwenye miwani, hakucheka. Aliniuliza mimi kama hali hiyo ipo kitaalamu. Nikasema ipo. Akauliza kama mtu mwenye hali hiyo anaweza kusikiliza maelezo ya mtu mwingine. Nikasema anaweza kusikia maneno, lakini moyoni anahesabu hatua za kufika mlangoni.

Akamgeukia Mzee Evarist. "Na sasa?"

"Sasa nakaa, mheshimiwa."

"Ulisema mashauri mengi. Mengi kiasi gani?"

"Sijui. Wenye manung'uniko wananijua nyumbani. Waje. Nitakaa nao."

Karatasi iliwekwa kando na ikaamriwa mpaka uchunguzwe upya. Wazee wakaenda shambani. Shahidi alikwisha kuzikwa, lakini miramura ni mmea mkaidi: wachimbaji walipofukua kati ya mistari ya kahawa walikuta visiki vya mizizi vimejipanga kama meno, na kimoja kilikuwa kimechipua. Kipande kikarudi kwa Jovina. Anselm aliwaambia watu kwamba ameshindwa na kibofu cha mtu mwingine, na hilo lilikuwa kweli.

Waliokuwa na manung'uniko walikwenda kweli nyumbani kwa Mzee Evarist, wengine kwa shida za kweli, wengine kwa kutaka tu kuona atakaa muda gani. Alikaa. Muda wa baraza la kata ulipokwisha hakuchaguliwa tena. Nilisikia sababu iliyotajwa ni kasi ndogo. Mwenyekiti mpya ni mtu mwepesi sana, na wanasema anaandaliwa semina. Mzee Evarist alipanda basi na mkewe kwenda Mwanza, akakaa kwa binti yake mwezi mzima. Alinipigia simu kunieleza kwamba mjukuu anaongea bila kupumzika na kwamba amemsikiliza mpaka mwisho, isipokuwa mwisho haupo.

Mradi ulifungwa muda si mrefu. Magari mawili yakaja kuchukua fomu. Mashine hakuna aliyeziulizia, zikabaki kabatini kwangu, zile zilizorudi.

Wiki mbili kabla ya kustaafu, Jovina alikuja kliniki. Sikumtambua kwanza, barazani nilimwona mgongo tu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, ameshika mkungu mdogo wa ndizi, akauweka juu ya kitanda cha mazoezi, kwa kuwa meza na viti vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa na idara nyingine. Akanisalimu kwa kirefu: watoto, nyumba, mwili, kazi. Nikamshukuru kwa ndizi. Nikamwambia nimefurahi shamba limerudi.

"Limerudi, waitu. Kahawa nimeanza kuchuma."

Akaurekebisha ule mkungu juu ya kitanda. Nikangoja, hilo nalo alinifundisha Bernadeta.

"Dokta, siku ile ya kwanza barazani. Watu wote wananiambia pole, Mzee Evarist alisimama kabla sijamaliza kusema."

"Ndiyo. Mwenyewe alikiri."

"Alikiri, nami nikamwacha akiri peke yake." Alitazama mikono yake. "Aliposimama, mimi nilimshukuru Mungu. Tulikuwa tumekaa tangu asubuhi. Choo cha pale kina kufuli, ufunguo anao mtendaji. Yeye mwenyekiti walimfungulia. Mimi ningemwomba nani, mbele ya wanaume wote wale? Karatasi ilipoletwa sikuisoma. Nilisaini ili nipate kutoka. Nikakimbilia kwenye migomba, na sikufika." Akavuta pumzi. "Ni tangu uzazi wa nne. Kanisani nakaa mlangoni."

Sikumwambia kwamba ni ya kawaida. Ni ya kawaida, lakini hakuwa amekuja kusikia hilo. Nilimpeleka kwa daktari, nikangoja majibu pamoja naye, yakatoka safi. Kisha nikafungua kabati, nikatoa mashine, nikabadilisha betri. Nikamwambia avue kiatu cha kushoto. Alikivua, akaniomba samahani kwa udongo wa shamba uliokuwa mguuni, nikaupangusa, nikabandika pedi.

"Utaniambia ukisikia kitu kinatekenya."

Nikapandisha taratibu. Akatikisa kichwa: bado. Nikapandisha tena kidogo. Tulikitazama kidole gumba wote wawili. Kikatikisika.

"Nusu saa," nikamwambia. "Huna haja ya kwenda popote."

Akaegemea ukuta, akanyoosha ule mguu, akaanza kunieleza habari ya mpaka wake tangu mwanzo.